Vidole Saba vya Taifa

Jumatatu, 4 Machi

Mimi ni mtu wa bahati. Naliandika hili kwanza, ili atakayeiokota shajara hii siku moja ajue anasoma habari za nani. Sijaugua hata siku moja maishani. Mafua yakiniona yanavuka barabara. Cheti ninacho: DAMU SAFI, mhuri wa buluu, cha miaka kumi na minne iliyopita. Nimekivalisha nailoni nikakiweka kwenye pochi, pale ambapo wanaume wengine huweka picha za wake zao. Mke wangu analijua hilo. Hajalipenda.

Leo bahati imenijia tena kwa miguu yake. Nimeajiriwa na taifa! Linataka kujua watu wangapi katika nchi nzima wana homa ya ini aina ya B. Hawapimi wote. Wakisema wapime wote, sindano zitakwisha na watu watakuwa bado wanazaana. Kompyuta inachagua nyumba chache, huku moja, kule moja, nyumba zisizojuana. Kila nyumba anapimwa mtu mmoja. Halafu wakubwa wanakaa chini wanakisia waliobaki. Kazi nzuri sana, kukisia. Nimeifanya maisha yangu yote bila kulipwa.

Leo tumemaliza mafunzo. Msimamizi wetu ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Akikaa dakika mbili hajasema "asilimia" anakohoa. Nimempa jina la Mama Asilimia. Kufika saa ya chai darasa zima lilikuwa limeshalipokea.

Anasema ugonjwa huu ni mkimya. Mtu anaweza kuwa nao miaka ishirini, anakula, anacheka, anaoa, huku ini linaliwa taratibu. Nimewahurumia sana watu wa namna hiyo. Nimejigusa pochi.

Kila mdadisi amepewa watu ishirini na wanne. Unabisha hodi, unauliza maswali yaliyo kwenye kishikwambi, unachoma kidole kwa kisindano, unadondosha damu kwenye kadi yenye viduara vitano, inakauka, unapeleka maabara. Atakayekutwa na virusi atapigiwa simu na kuitwa kliniki. Mzima hapigiwi. Rahisi.

Sheria moja tu ndiyo ya ajabu. Usipomkuta mtu, unarudi mara tatu, siku tatu mbalimbali. Ikishindikana, unaandika "hakupatikana" na unaenda zako. Marufuku kuhamia kwa jirani. Nikauliza, kwa heshima zote, kama jirani yupo na kidole chake kipo, tatizo liko wapi? Mama Asilimia akabadilisha miwani. Akasema aliyechaguliwa ndiye aliyechaguliwa, na kwamba kuna watu hawapendi kusikia hivyo.

Kijana niliyeketi naye ametoka chuo kikuu majuzi. Kila mtu anamwita Msomi, mama yake akiwemo. Akajitolea kunielewesha bila kuombwa. Eti ni kama mchuzi: ukiukoroga vizuri, kijiko kimoja kinakupa chumvi ya sufuria nzima. Nikamwambia mimi nimeoa, mchuzi naufahamu.

Sasa jambo lenyewe. Mdadisi atakayeleta kazi bora atakuwa msimamizi msaidizi wa duru ijayo. Atapewa koti. Koti lenyewe limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi: buluu iliyokolea, mifuko sita, nembo mgongoni. Nimelipima kwa macho. Linanitosha. Msomi ana mabega ya chupa, litamvuka.


Jumanne, 5 Machi

Watu tisa kwa siku moja! Msomi sita. Nimempa pole, tena ya kutoka moyoni.

Siri yangu ni ulimi. Msomi akifika mlangoni anaanza na ridhaa, faragha, aya ya nne. Mimi naanza na shikamoo, nasifu pazia, nauliza mtoto anayelia kachukua sauti ya nani. Kabla ya swali la pili nimeshapewa kigoda.

Aliyenisumbua ni mzee mmoja fundi saa. Mtu anayefungua saa ndogo kama kunde bila mkono kutetemeka! Alipoona kisindano akaniomba nimngojee kidogo akawaage wanawe. Nikamwambia, mzee wangu, tazama. Nikachukua kisindano kipya, nikajichoma mwenyewe. Tone likatoka. Zuri, la mviringo, linang'aa kama taa ya nyuma ya gari. Mzee akacheka. Akasema kama mtu mwoga kama mimi ameweza, yeye ni nani. Akatoa kidole.

Tone langu nikalifuta kwa pamba, likaingia kwenye boksi la njano pamoja na takataka za wengine. Damu ya daraja la kwanza, yenye cheti! Roho iliniuma mpaka jioni.


Jumatano, 6 Machi

Nimefikisha kumi na saba. Wamebaki saba, na saba hawa ni shida iliyovaa viatu.

Kuna Bibi wa geti la kijani, miaka sabini na mmoja. Yupo. Anaonekana. Anapepeta mchele barazani na ananitazama. Amekataa. Anasema damu yake ameitumia kuzaa watoto tisa na iliyobaki ana mipango nayo. Kuna kinyozi aliyehama. Dereva wa lori aliye safarini. Msichana aliye shule ya bweni. Maharusi wawili wa nyumba mbili tofauti, wasiofungua mlango, na sitaki kuwalaumu. Na mlinzi wa ghala, anayelala mchana. Mbwa wake halali.


Alhamisi, 7 Machi

Hodi ya pili. Bibi ameniuliza kama kwetu hawana kazi. Mbwa ameondoka na kipande cha suruali.

Mke wangu ameishona suruali, pini zikiwa mdomoni. Yeye ni fundi cherehani na ana mimba ya miezi saba. Akitoa pini mdomoni ili aseme kitu, ujue amekifikiria siku nyingi. Alipomaliza akatoa pini. Akakumbusha kwamba kliniki ya wajawazito ilimwambia tangu mwanzo aende nami tupimwe wote wawili homa ya ini, kwa ajili ya mtoto. Akauliza: wewe unayezunguka mitaa kuchoma vidole vya watu, chako lini?

Nikatoa cheti. Akakitazama kama anavyotazama kitambaa alichopunjwa nusu yadi. Akarudisha pini mdomoni.

Shemeji, mdogo wake, ambaye amekuja kututembelea wiki mbili na huu ni mwezi wa tano, akasema kutoka kwenye kochi kwamba shemeji yake ana damu ya simba. Namheshimu sana Shemeji.


Ijumaa, 8 Machi

Hodi ya tatu. Hakuna. Bibi safari hii alipepeta kwa nguvu zaidi, makapi yakanijia usoni.

Nimekutana na Msomi kwenye kituo cha basi. Amewakosa watu watano. Ameandika "hakupatikana" mara tano kwa mwandiko mzuri na usingizi hakuukosa! Nikamtazama nikaona koti lile likienda kwa mtu asiye na kiu. Nikaumia kwa niaba ya koti.

Nikarudi nyumbani nikafikiri. Nafikiri vizuri nikiwa peke yangu. Asiyekuwepo hana kosa. Hatujui kama ni mgonjwa. Basi ni mzima mpaka ithibitike vinginevyo. Nikimwazima mtu mzima damu ya mtu mzima, nani ameibiwa? Na ile sheria ya jirani sijaivunja. Jirani sijamgusa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimetumia saba.

Nimeifanyia kazi hiyo kwenye chumba cha vitambaa vya mke wangu, mlango nimeuegemeza kwa gunia la vipande. Kila kidole kisindano chake, glavu, pamba, boksi la njano. Usafi wa hali ya juu. Na ridhaa pia! Nilisoma karatasi ya ridhaa kwa sauti mara saba na nikakubali mara saba. Mara ya tano nilisita kidogo, lakini nilijitia moyo. Kwenye nafasi ya simu ya kupokelea majibu nimeandika yangu kwa wote. Wazima hawapigiwi simu.

Chakula cha jioni nimekula kwa vidole vitatu. Mke wangu akauliza plasta hizi zote ni za nini. Nikasema nilikuwa nachuma maua ya miiba kwa ajili yake. Akauliza maua yako wapi. Nikasema yalinishinda nguvu.


Jumamosi, 9 Machi

Ishirini na nne kwa ishirini na nne! Mama Asilimia akatamka "asilimia mia" polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichokatazwa na daktari. Akaona plasta. Nikasema mbwa wa mlinzi. Akauliza, mbwa alikuuma vidole saba kimoja kimoja? Nikasema ni mbwa mtaratibu sana.

Msomi kumi na tisa. Amenipongeza. Ningekuwa yeye nisingenipongeza.


Jumatatu, 25 Machi

Siku mbaya. Nimepigiwa simu saba.

Ya kwanza ilikuja saa mbili na nusu asubuhi. Dada wa maabara, sauti ya mtu asiye na haraka. Akaomba kuongea na Bibi wa miaka sabini na mmoja. Sikuwa nimejiandaa. Nikakohoa, nikajibu kwa sauti ya kuparuza kwamba ndiye. Akasema shikamoo. Nikasema marahaba mwanangu. Akasema naombwa kufika kliniki na mume wangu. Nikasema marehemu. Akasema poleni. Nikasema ni mapenzi ya Mungu.

Ya pili alimtaka dereva. Nikatoa sauti ya lori. Ya tatu alimtaka msichana wa shule, na hapo sauti ilinivunjikia katikati, nikasingizia mafua. Mimi! Mafua!

Ya nne dada akaniambia, bila hasira, Kaka, hao wanne waliobaki naomba niwataje kwa mkupuo, tusichoshane. Nikamweleza kwamba mtaani kwetu simu ni moja, mimi ni mtunza simu. Akasema sawa, Kaka Mtunza Simu, waambie wote saba waje kliniki. Pamoja na wenzi wao. Wasichelewe.

Hata hivyo akapiga tena mara tatu, kila mtu na yake. Utaratibu.

Wote saba! Masikini! Nimekaa kwenye kiti cha cherehani nikatikisa kichwa. Watu saba, na hawajui. Yule Bibi, pamoja na ukali wake wote. Yule binti na masomo yake. Maharusi, wamefunga mlango kumbe wamejifungia na ugonjwa! Kesho nitaenda kumwona Bibi. Mtu haachwi peke yake na habari kama hii.


Jumanne, 26 Machi

Nimekwenda na sukari kilo moja na sabuni mche mzima. Nikamwamkia Bibi. Nikakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, nikamwambia ajikaze. Nikamwambia ini ni kitu kigumu, na siku hizi dawa zipo. Nikamwambia kama hana wa kumpeleka kliniki, mimi nipo, nitambeba mgongoni. Machozi yakanitoka kidogo.

Bibi akaweka ungo chini. Akauliza nani mgonjwa.

Nikamwambia, wewe Bibi. Damu yako imesema.

Akauliza ni damu ipi. Akasema mjukuu wangu, mimi sijakupa hata tone. Umekuja hapa mara tatu nimekufukuza mara tatu. Damu yangu umeiota?

Bibi akanipa maji. Sabuni na sukari akabaki navyo.

Nimetembea kurudi nyumbani kwa miguu. Kwenye kona ya ghala mbwa alinikimbilia, akanitazama, akaamua kuniacha. Nimeviangalia vidole vyangu. Makovu saba, madogo kama nukta za kalamu. Bibi si mgonjwa. Dereva si mgonjwa. Binti si mgonjwa, angalau hatujui. Kulikuwa na damu ya mtu mmoja tu kwenye kadi zile.

Hodi imepigwa mara saba mlangoni kwangu, na mara zote nilienda kumwita mtu mwingine.


Jumatano, 27 Machi

Nimeitwa ofisini. Nilijua yamekwisha. Nikavaa shati la mazishi.

Kumbe wananipongeza! Makao makuu wametetemeka. Maeneo mengi yametoa mgonjwa mmoja, wawili, pengine hakuna. Langu limetoa wanane kati ya ishirini na wanne, kwa sababu miongoni mwa wale kumi na saba wa kweli yupo mmoja wa kweli. Theluthi nzima! Mama Asilimia hajalala siku mbili, miwani zote mbili amezivaa kichwani. Amenieleza kwamba kwenye hesabu kila mtu tuliyempima anasimama badala ya watu elfu kumi na mbili wa nchi ambao hatukuwapima.

Nikaomba kalamu. Saba mara elfu kumi na mbili.

Themanini na nne elfu. Mimi peke yangu ni mji. Nina soko, nina shule, nina timu ya mpira. Na wote wanaumwa ini.

Kwa sababu hiyo gari la chanjo na vipimo linaletwa mtaani kwetu Ijumaa. Lipo moja tu. Lilikuwa liende bondeni kwa wachimba mawe, ambako Msomi amepata wanne kati ya kumi na tisa, wa kweli, wenye vidole vyao wenyewe. Wachimba mawe watangoja. Msomi aliuliza watangoja mpaka lini. Mama Asilimia akasema hajui, takwimu ndizo zinazoendesha gari.

Kisha akanivisha koti.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilifungua mdomo, zipu ikapanda, nikasikia mifuko sita inaniambia tulia. Linanikaa vizuri sana.


Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu aliliona koti likiwa nyuma ya mlango, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema limeshonwa vibaya kwapani. Halafu akauliza habari za simu saba. Shemeji alimsimulia. Alinisikia nikiwa Bibi, nikiwa dereva, nikiwa binti, na alidhani najifunza maigizo. Simheshimu tena Shemeji.

Akashika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kama anakagua pindo. Akashika wa kushoto. Akasema amechomwa na sindano tangu ana miaka kumi na miwili, anajua alama ya sindano na alama ya mwiba. Akahesabu kwa sauti. Saba. Akasema: vidole saba, watu saba. Unaumwa, Baba Fulani, ama sivyo?

Ananiita Baba Fulani tangu mimba iingie, kwa sababu jina la mtoto hatujakubaliana.

Nikasema ndiyo. Nikasema na wewe je? Na mtoto? Hapo sauti ilinivunjikia kama ya yule binti, na haikuwa maigizo.

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akavuta droo ya cherehani, chini ya bobini, akatoa kadi ya kliniki. Amepimwa mwezi wa tatu wa mimba: hana. Amechanjwa mara mbili, imebaki moja. Kesho atapimwa tena. Mtoto akizaliwa atadungwa chanjo siku hiyohiyo, kabla hata ya kupewa jina, na kwa mwendo wetu ni kabla sana. Nikamwuliza kwa nini alichanjwa bila kuniambia. Akasema daktari alimwuliza kama mumewe amepimwa, akamjibu mume wangu ana cheti cha nailoni. Daktari akaenda moja kwa moja kwenye friji.

Akasema mtu akiolewa na msifu mwavuli, atembee na mwavuli wake mwenyewe.

Kisha akanikamata ukosi wa koti, tukaenda ofisini. Yeye mbele na tumbo, mimi nyuma na mifuko sita.

Nilimweleza Mama Asilimia yote. Chumba cha vitambaa, gunia, ridhaa zangu saba. Msomi alikuwepo. Alisema kwa upole kwamba niliambiwa niukoroge mchuzi nionje, sikuambiwa nilambe kijiko kilekile mara saba. Mtoto wa darasa la kwanza angelielewa, nadhani alitaka kuongeza, lakini ana adabu.

Mama Asilimia alizifuta miwani zote mbili. Kisha akasema neno ambalo nimeliandika kama alivyolisema. Akasema pengo la Msomi la watu watano analijua upana wake, anaweza kulizunguka kwa hesabu. Uongo wangu ungemwingia kwenye msingi wa nyumba na asingejua ukuta umepasukia wapi. Akasema wachimba mawe wangengoja kwa ajili ya vidole vyangu.

Akapiga simu mbele yangu. Gari litaenda bondeni.

Saba wangu wamefutwa. Imeandikwa "hakupatikana" mara saba. Watu themanini na nne elfu wamepona kwa dakika moja, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Nikaomba kitu kimoja. Nikasema, Mama, mimi ni mgonjwa kweli, imethibitika mara saba, hakuna mtu katika nchi hii aliyepimwa sawasawa kama mimi. Basi niingizeni, hata kama ni mmoja tu. Elfu kumi na mbili zangu.

Akabadilisha miwani. Akasema nyumba yetu haikuchaguliwa. Akasema, Baba, wewe hukuchaguliwa.

Koti amepewa Msomi. Limemvuka mabega. Nilisema tangu mwanzo.


Jumanne, 2 Aprili

Habari za nyumbani: mke wangu amepimwa tena, hana kitu. Shemeji naye hana kitu, amechanjwa, amelala siku nzima kwa sababu ya bega.

Habari za kazi: sina. Lakini jana Bibi wa geti la kijani alimtuma mtu aniite. Akasema maishani mwake wamekuja watu wengi kumlilia shida zao, mimi ni wa kwanza kumlilia shida yake, tena asiyokuwa nayo. Akasema basi nimlete yule kijana mwenye koti kubwa, amchome. Mama Asilimia aliruhusu, alikuwa hajafunga hesabu. Msomi akaja, akaanza na ridhaa, faragha, aya ya nne. Nikamwambia asifu ungo kwanza. Akausifu. Bibi akatoa kidole na kugeuza uso. Nilimshika mkono ule mwingine. Nchi imepata kijiko kimoja cha kweli, na mimi ndiye niliyefungua mlango. Hilo halitaandikwa popote isipokuwa hapa.

Habari zangu: kliniki wamenipokea vizuri. Daktari ni kijana mpole. Anasema wengi wanaishi nao mpaka uzeeni, ila ini lichungwe, na kama dawa zinahitajika nianze mapema. Ili ajue, lazima nitolewe damu nyingine Alhamisi, chupa tatu, kutoka kwenye mshipa. Si kidole! Mshipa! Sindano yenyewe nimeiona. Ina urefu wa penseli.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Shemeji ana mishipa mizuri, imesimama mikononi kama mizizi. Ana deni kwangu la kochi miezi mitano. Tunafanana ukitutazama kwa mbali, na mpokeaji wa kliniki haangalii sura, anaangalia kadi. Chupa tatu kwake si kitu. Damu yake ni safi, majibu yatakuja mazuri, daktari atafurahi, mke wangu atatulia, na mimi nitabaki na mshipa wangu. Sioni anayeumia.

Nimekitoa cheti kwenye nailoni ili Shemeji aende nacho. Na kwa kuwa nimekishika, niseme. Nilichoandika ukurasa wa kwanza, kwamba sijaugua hata siku moja, si kweli. Nikiwa na miaka ishirini na miwili macho yangu yaligeuka manjano, nikalala wiki tatu, nikaambiwa nikapimwe damu. Niliogopa sindano. Nikampeleka binamu yangu, akajibu kwa jina langu, akachomwa, wakampa cheti.

Bahati sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa na binamu.

Na sasa nina shemeji.